PUMZI ZA MGONJWA ANAYEPASULIWA

Mtu aambiwapo na daktari kwamba hapana budi apasuliwe, jambo la kwanza limjialo moyoni ni kisu. Huuliza jeraha litakuwa na urefu gani, nyuzi zitatolewa lini, ng'ombe atakamwa na nani, na fedha zitatoka wapi. Ni wachache mno waulizao habari za mapafu yao. Lakini wauguzi na madaktari wajua ya kuwa jeraha la mtu aliyepasuliwa tumbo laweza kufunga vizuri kabisa, huku mwenyewe akazidiwa kitandani kwa upungufu wa pumzi.

Somo hili linawahusu watu wa Gitothua na mji wote wa Ruiru, na wale wa Thika, ambao siku moja huenda wakalazwa katika hospitali ya Ruiru au ya Thika, au wakapelekwa Nairobi katika Hospitali ya Kenyatta, ile iliyoanzishwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40 tu. Linawahusu zaidi jamaa za mgonjwa, kwa maana wao ndio wakaao kando ya kitanda wakati wa kutazama wagonjwa, na maneno yao hupata kusikilizwa kuliko ya muuguzi.

Kwanza yafaa kujua mapafu hufanyaje kazi. Mhunzi avutapo mvukuto wake, hewa huingia kwa kuwa nafasi ya ndani imeongezeka. Auminyapo, hewa hutoka. Kifua ni vivyo hivyo. Chini ya mapafu umo msuli mpana uitwao kiwambo, ambao hutenga kifua na tumbo. Kiwambo kishukapo na mbavu zipandapo, hewa huingia; viregeapo, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia huvuta kiasi cha nusu lita ya hewa kwa pumzi moja, naye hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hewa hiyo hupita katika mirija igawanyikayo kama matawi ya mti, na mwisho wa kila kitawi ni vifuko vidogo sana, ambavyo hesabu yake kwa mtu mmoja ni mamilioni ya mamia. Humo ndimo damu ichukuamo oksijeni.

Vifuko hivi vina tabia moja ya kukumbukwa. Visipotiwa hewa ya kutosha hujikunja na kushikana kuta zake, mithili ya mfuko wa nailoni uliolowa maji. Mtu mzima wa afya huvikunjua bila kujua: hupiga mwayo, hushusha pumzi ndefu, hucheka, huimba kanisani, hupanda mlima na kichwa cha maji. Katika siku moja ya kawaida mapafu hukunjuliwa mara nyingi mno.

Sasa na tutazame yampatayo mtu akiisha kutiwa nusukaputi. Amelazwa chali, na matumbo yake yanasukuma kiwambo kwenda juu. Misuli yake imeregezwa kwa dawa. Hapigi mwayo wala hashushi pumzi ndefu. Wataalamu waliopiga picha vifua vya watu waliolala hivyo wameona kwamba, kwa watu karibu 9 katika kila 10, sehemu ya chini ya mapafu hujikunja katika dakika chache za mwanzo. Kwa kijana mwenye mapafu safi si neno kubwa. Lakini kuna na jambo la pili. Ndani ya mirija ya hewa vimo vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na makohozi kuyapeleka juu kooni. Dawa ya usingizi, na hewa kavu ipitayo katika mrija uliotiwa kooni, huvilegeza vinyweleo hivyo. Fagio limelala, na takataka zinabaki nyumbani.

Mgonjwa aamkapo huja jambo la tatu, nalo ndilo baya kupita yote: maumivu. Aliyepasuliwa karibu na mbavu huumia kila avutapo pumzi, basi hujifunza upesi kupumua kidogo kidogo kwa juu juu. Hakohoi, kwa maana kikohozi kimoja ni kama kuchomwa tena. Siku ya kwanza na ya pili, nguvu ya kifua chake kuvuta hewa huweza kushuka hata ikawa nusu tu ya ile ya zamani, na huchukua siku nyingi kurudi. Hapo vifuko vilivyojikunja havikunjuliwi, makohozi yanakaa, vijidudu vya maradhi vinapata makao ya joto na unyevu, na siku ya tatu au ya nne homa ya mapafu inabisha hodi.

Katika mwaka 2018 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, juu ya wagonjwa 11,422 waliopasuliwa. Ilionekana kwamba wagonjwa wapatao 2 katika kila 100 walifariki, kiasi ambacho ni mara mbili ya kile cha dunia kwa jumla, ijapokuwa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi. Tena zaidi ya 9 katika kila 10 ya vifo hivyo havikutokea siku ile ya kupasuliwa, bali siku zilizofuata. Sababu zilikuwa nyingi, wala si mapafu peke yake. Hata hivyo hesabu hiyo yawafaa sana wale jamaa ambao husali kwa bidii wakati mgonjwa yumo katika chumba cha kupasulia, kisha wakiambiwa ameamka hurudi nyumbani wakidhani hatari imekwisha.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Tuseme yuko mama mmoja wa Gitothua, wa miaka 58, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipika githeri na chai katika kibanda chake kwa ajili ya mafundi na watu wa mjengo. Ameonekana kuwa ana mawe katika kifuko cha nyongo, na amepewa siku ya kupasuliwa baada ya wiki 6. Aulizwapo kama anavuta sigara, hushtuka na kucheka: mwanamke wa rika lake avute sigara! Na ni kweli hajavuta hata moja. Lakini kila siku tangu alfajiri ameinama juu ya jiko la kuni, na mapafu hayaulizi moshi umetoka wapi. Aliyekaa miaka 30 katika moshi wa kuni huweza kuwa na kifua kama cha mvuta tumbako, na yampasa amwambie daktari habari hiyo bila kungoja kuulizwa. Vivyo hivyo mchonga mawe aliyekula vumbi la machimbo kwa miaka mingi.

Wiki 6 si muda wa kukaa bure. Kwa mvuta sigara, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba anayeacha wiki 4 au zaidi kabla ya kupasuliwa hupunguza hatari yake, na kwamba kila wiki ipitayo baada ya hizo 4 huongeza faida. Wako wasemao, "Nimekwisha kuchelewa, nitaacha nikitoka hospitali." Hao wamekosea hesabu. Hata siku moja bila sigara ina faida yake, kwa kuwa ile hewa yenye sumu itokayo katika moshi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, hupungua sana katika muda wa saa 24. Na mama wetu mwenye kibanda, kama binti yake aweza kumshikia jiko kwa wiki hizo, au kama meko yaweza kusogezwa mahali penye upepo, afanye hivyo.

Yako mambo mengine ambayo watu huyaficha kwa haya au kwa kuogopa kwamba siku ya kupasuliwa itaahirishwa. Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu na aseme, hata kama ni zamani. Mwenye pumu aseme, na ile dawa yake ya kuvuta kwa mdomo aje nayo hospitali, asiiache kabatini. Mwenye mafua na kikohozi cha wiki hiyo aseme pia. Na mzazi wa mtoto ndiye hasa apaswaye kusema, kwa sababu koo la mtoto mwenye mafua huwa jepesi kukasirika, na laweza kujifunga ghafula chini ya dawa ya usingizi. Kungoja wiki chache si hasara ikiwa ugonjwa wenyewe si wa haraka.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji mashine. Mtu aweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama kutafuta pumzi? Siku hizi Ruiru ina nyumba za ghorofa kila upande, hata ngazi si kitu cha kutafuta. Anayeshindwa na amweleze daktari, kwa maana moyo na mapafu vitakavyofanya kazi siku ile ni vivyo hivyo vilivyoshindwa na ngazi.

Juu ya kufunga chakula, watu wengi hutii kwa nusu. Mgonjwa aliyelala kwa nusukaputi hawezi kuzuia kilichomo tumboni kisipande kooni na kuingia katika mapafu, na tindikali ya tumbo huyaunguza mapafu kama maji ya moto. Kwa desturi ya sasa, mtu mzima huacha chakula saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Hapa ndipo penye kosa la nchi yetu: chai ya maziwa si maji. Maziwa huhesabiwa pamoja na chakula. Yule jamaa amwoneaye mgonjwa huruma saa kumi na mbili asubuhi akamletea kikombe kimoja kwa siri, amemtia katika hatari ambayo daktari hana habari nayo.

Lakini jambo kubwa kupita yote kabla ya siku yenyewe ni kujifunza kupumua. Katika hospitali 3 za Australia na New Zealand wagonjwa 441 waliokuwa wakingoja kupasuliwa tumbo la juu waligawanywa mafungu mawili. Wote walipewa kitabu kidogo cha maelezo. Fungu moja, zaidi ya kitabu, liliketi na mtaalamu wa mazoezi ya mwili kwa nusu saa, likaelezwa hatari ya mapafu na kufundishwa mazoezi ya pumzi. Habari ilitolewa mwaka 2018. Katika fungu la kitabu peke yake, watu 27 katika kila 100 walipata maradhi ya mapafu. Katika fungu lililofundishwa, 12 tu. Wala hapakuwa na dawa mpya wala mashine. Ilikuwa ni nusu saa ya mazungumzo. Sababu yake haifichiki: mtu afundishwaye akiwa mzima hufahamu, bali afundishwaye akiisha amka, ana maumivu na kichwa chake kizito kwa dawa, hasikii neno.

Zoezi lenyewe ni hili. Mgonjwa akae wima, mabega yameregea. Avute pumzi polepole kwa pua mpaka kifua kijae na tumbo lisukumike mbele, kisha azuie kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, halafu aachie polepole kwa mdomo. Afanye hivyo mara 10, apumzike kidogo, afanye 10 nyingine. Kisha akumbatie mto, au leso iliyokunjwa vizuri, aukaze juu ya mahali patakapopasuliwa, na akohoe kwa nguvu mara 3. Arudie kila saa moja akiwa macho. Nyumbani ajifunze, hospitalini, mara aamkapo, aanze.

SAA ZA USINGIZI

Habari za chumba cha kupasulia zitapitwa upesi, kwani mgonjwa hana kazi humo. Yatosha kujua kwamba tangu tarehe 16 Oktoba 1846, siku ambayo William Morton alionyesha mbele ya watu mjini Boston, Marekani, jinsi etha inavyomlaza mgonjwa akakatwa bila kusikia, wataalamu walichukua miaka mingi kabla ya kujua vema namna ya kumpumulia mtu asiyeweza kupumua mwenyewe. Somo kubwa lilipatikana Copenhagen, nchi ya Denmark, mwaka 1952, wakati wa maradhi ya kupooza. Katika hospitali moja ya mji huo, wagonjwa 27 kati ya 31 wa kwanza waliopooza koo na kifua walifariki kwa muda wa siku chache. Ndipo alipoitwa Bjørn Ibsen, mtaalamu wa dawa ya usingizi, akashauri watu hao watendewe kama wafanyiwavyo wagonjwa wa kupasuliwa: mrija utiwe katika bomba la pumzi, na mfuko wa mpira uminywe kwa mkono. Mashine za kutosha hazikuwapo, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walishika zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko kwa mikono yao kwa wiki nyingi. Vifo vikapungua sana. Kuanzia hapo mfuko ule umeenea duniani, na katika hospitali ya wilaya umeme ukikatika, mkono wa mtu ndio uwao mapafu ya mgonjwa mpaka jenereta iwake.

Siku hizi mgonjwa huvishwa kidoleni kibanio chenye taa nyekundu, ambacho husoma oksijeni ya damu bila sindano. Njia hiyo ilibuniwa na Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970, na watu wengi wa Kenya walikifahamu kifaa hiki wakati wa maradhi ya korona tangu mwaka 2020. Hewa ya Ruiru, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja katika sita, walakini mtu mwenye afya huku juu huonyesha 95 au zaidi kwa kawaida. Ikishuka chini ya 90, kuna jambo. Kibanio hicho kimo pia katika orodha ya maswali ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008, yasomwe kwa sauti kabla ya mgonjwa kulazwa, kabla ya kukatwa, na kabla hajatoka chumbani. Ifakara, katika Tanzania, ilikuwa mojawapo ya miji 8 ya dunia ambamo orodha hiyo ilijaribiwa. Na katika miji hiyo kwa jumla vifo vilipungua kutoka 15 katika kila wagonjwa 1,000 hadi 8.

KANDO YA KITANDA

Sasa turudi kwa mama wetu wa kibanda. Amepasuliwa, ameamka, na ni siku ya pili. Amelala chali, shuka imefika kidevuni. Jamaa wamefika na chupa za uji. Muuguzi anakuja na kusema, "Mama, ni saa ya mazoezi. Inuka ukae, uvute pumzi."

"Binti yangu, siwezi. Kidonda kitafunguka."

Na shemeji yake, aliye mkubwa wa jamaa, anakata shauri: "Mwacheni apumzike."

Neno hilo lina mzaha ndani yake. Kupumzika kwatokana na pumzi, na mwenye kulala chali bila kujitikisa siku ya pili ndiye asiyezipata. Akiketi, matumbo hushuka, kiwambo hupata nafasi, na sehemu ya chini ya mapafu hufunguka. Aketishwe akiegemea mito. Kichwa cha kitanda kiinuliwe hata usiku. Asubuhi ile ile, daktari akiruhusu, asimame na kutembea hatua chache akishikwa mkono, kwa kuwa kutembea huvuta pumzi ndefu bila kuambiwa, tena huzuia damu isigande miguuni. Damu ikiganda mguuni, bonge lake laweza kusafiri hadi katika mapafu na kumwua mtu kwa ghafula.

Na hofu ya kidonda? Daktari ameshona tabaka kwa tabaka, na mtu akohoaye huku amekumbatia mto wake haoni hatari ambayo moyo wake unamwambia. Maumivu ni kitu kingine, wala si ushujaa kuyavumilia. Mgonjwa wa makabila yetu, hasa mwanamume, aulizwapo "Unaumwa?" hujibu "Kidogo tu," na huku hawezi kupumua. Aseme kweli, apewe dawa, angoje ifanye kazi, kisha avute pumzi. Dawa kali za maumivu, kama mofini, nazo zina tabia ya kupunguza pumzi. Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa akilala usingizi mzito usioamshika na kupumua mara 8 au pungufu kwa dakika, muuguzi aitwe mbio.

Kuhesabu pumzi kwaweza kufanywa na mtoto wa shule mwenye saa. Tuseme siku ya nne binti wa mama yule anakuja mchana na kumwona mamaye ana joto, maneno yake yamekatikakatika, na mbawa za pua zinatanuka. Jirani wa kitandani anasema ni uchovu tu. Binti anatazama saa yake, anahesabu kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima bila kumwambia mamaye, kwa sababu mtu ajuaye anahesabiwa hubadili mwendo wa pumzi. Anapata 28. Aliyetulia hapaswi kupita 20, na 25 ni alama ya hatari. Haendi kununua dawa ya malaria dukani, anakwenda kwa muuguzi na kusema, "Dada, mama anapumua mara 28." Maneno hayo machache yana uzito kuliko kusema "hajisikii vizuri", maana muuguzi mwenye wagonjwa wengi hujua mara moja kitanda cha kuanzia. Oksijeni, picha ya kifua na dawa ya kuua vijidudu zikianzwa mchana ule, si sawa na kuanzwa kesho asubuhi.

Arudipo Gitothua, mazoezi ya pumzi yaendelee mpaka aweze kutembea hadi stendi na kurudi bila kuhema. Alale akiinuliwa kichwa kama bado akohoa, na kuni asikaribie mpaka aonwe tena na daktari. Pumzi zikikatika ghafula, au kifua kikichoma upande mmoja, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akikohoa damu, asingoje siku aliyoandikiwa katika kadi. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.